Mwimbaji akitoka peke yake: albamu nne za metali ya progresivu, na ipi inastahili bando lako

Bando la usiku lina mwisho wake, na simu zetu nyingi hazina nafasi ya kuchezea. Mtu akishazimaliza albamu za Queensrÿche, za Dream Theater na za Fates Warning, bendi za metali ya progresivu, yaani roki nzito yenye mapigo magumu kuhesabu, halafu akagundua kwamba waimbaji wa bendi hizo wana kazi zao binafsi pembeni, linalofuata ni kujiuliza ashushe ipi na aache ipi. Hapa Kigoma nimeshaulizwa hivyo na vijana wa Mwanga, wa Gungu, hata na bwana mmoja wa Ujiji anayeuza vipuri vya pikipiki huku Dream Theater ikilia kutwa nzima kwenye spika ndogo juu ya kabati. Wengi huanza na jina kubwa, na jina kubwa kuliko yote kwenye foleni hiyo ni Geoff Tate, aliyekuwa mwimbaji wa Queensrÿche. Hapo ndipo bando linapoliwa bure.

Nalinganisha albamu nne. Ya kwanza ni ile ambayo Tate aliitoa mwaka 2002 na kuipa jina lake mwenyewe, *Geoff Tate*. Ya pili ni *Static Impulse* ya James LaBrie wa Dream Theater, ya mwaka 2010. Ya tatu ni *What the Water Wants* ya Ray Alder wa Fates Warning, iliyotoka 2019. Ya nne ni ya LaBrie tena, *Beautiful Shade of Grey*, ya 2022. LaBrie nimemweka mara mbili kwa makusudi: albamu zake hizo mbili hazifanani hata kidogo, na ile ya pili ndiyo inayofaa kuwekwa ubavuni mwa ile ya Tate, kwa sababu wote wawili walikuwa wanajaribu kupunguza makelele.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: ukiwa na nafasi ya albamu moja tu, chukua *Static Impulse*. Kama huvumilii mtu anayenguruma badala ya kuimba, chukua ya Ray Alder. Ya Tate iache. Wenye muda tuendelee, maana sababu zenyewe ndizo zitakazokusaidia siku ukikutana na albamu ya mwimbaji mwingine ambaye sijamtaja.

Kwanza angalia nani alitunga

Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye redio ya muziki wa dansi tuna mazoea yetu kuhusu mwimbaji. Muhidin Gurumo na Hassan Rehani Bichuka walipohama Juwata kwenda Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, mashabiki hawakushangaa kuona utamu unahama nao. Katika dansi mwimbaji mara nyingi ndiye mtunzi. Anakuja na maneno na sauti ya wimbo, anawaimbia wenzake, halafu magitaa na tarumbeta vinatafutiwa pa kukaa, na mtu kama Michael Enoch anaupanga muziki wote. Ukimchukua mwimbaji wa namna hiyo, umechukua na wimbo.

Metali ya progresivu inakwenda kinyume chake. Mwimbaji kwa kawaida anakuta muziki umeshakwisha. Mpiga gitaa, mpiga kinanda na mpiga dramu wamejifungia wakahesabu mapigo yao ya saba na ya kumi na tano, wakaunganisha vipande, wakakubaliana wapi gitaa litakimbia dakika tatu bila mtu kufungua mdomo, ndipo mwimbaji anapoonyeshwa sehemu alizobakishiwa. Kwenye Dream Theater, hata maneno mengi yaliandikwa na mpiga gitaa John Petrucci na mpiga dramu Mike Portnoy. Kwenye Fates Warning, muziki kwa miaka mingi umekuwa wa Jim Matheos. LaBrie na Alder wana sauti kubwa, sawa, lakini ile nyumba ya muziki hawakuijenga wao.

Kwa hiyo mwimbaji wa aina hii akitoka peke yake, jambo la kuuliza mapema kabisa ni nani ameshika gitaa na nani ametunga naye. Sauti unaijua tayari, haitakushangaza. Atakayekushangaza, kwa wema au kwa ubaya, ni yule mtu wa pili.

Tate, 2002

Kinachofanya albamu ya Tate iume zaidi ni kwamba yeye hakuwa mwimbaji wa kubakishiwa nafasi. Hadithi ya *Operation: Mindcrime*, albamu ya Queensrÿche ya 1988 ambayo ni mkasa mmoja mrefu wa siasa, dawa za kulevya na mauaji, ilianzia kichwani mwake. Maneno mengi ya bendi ni yake. Sauti yake miaka ile ilikuwa inapanda juu mpaka unajiuliza pumzi inatoka wapi. Mtu wa namna hiyo akikuambia anatoa albamu yake, unafungua pochi bila kuuliza.

Ila upande wa gitaa wa Queensrÿche ulikuwa wa Chris DeGarmo na Michael Wilton, na DeGarmo ndiye aliyeandika "Silent Lucidity", wimbo uliowafanya wajulikane hata na watu wasiosikiliza metali, kutoka albamu ya *Empire* ya 1990. DeGarmo akaondoka kwenye bendi kuelekea 1998, baadaye akawa rubani wa ndege. Albamu ya bendi iliyofuata, *Q2K* ya 1999, ilishaonyesha pengo lake. Kwa hiyo Tate alipotoa kazi yake binafsi 2002, akiwa bado yumo Queensrÿche, alikuwa tayari ameshampoteza mtu wake wa pili, na aliowaweka mahali pale hawakuwa na jeuri ya kumbishia.

Matokeo ni albamu ya nyimbo za mwendo wa kati, karibu zote. Dramu zinapiga kwa adabu, kinanda kimetandikwa chini, gitaa limelainishwa hadi linakaribia kuwa pambo, na Tate anaimba kwa sauti ya chini, ya kunong'ona, kama wanavyoimba wanamuziki wa pop wa watu wazima. Ile sauti ya juu anaionyesha kwa uchache sana. Si kwamba anaimba vibaya, hapana. Anaimba vizuri nyimbo ambazo hazina haja naye.

Niliicheza kwenye kibanda cha fundi simu pale Mwanga, siku ambayo mzee mmoja aliyewahi kupiga ridhimu kwenye bendi ya dansi ujanani alikuwa ameleta redio yake itengenezwe. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta stuli. Metali haijui wala haitaki, lakini sikio lake limekomaa. Akasikiliza nyimbo tatu kimya, kidole kikigonga goti, kisha kidole kikaacha kugonga.

"Mwanangu, huyu sauti anayo. Ila wapigaji wake mbona wamekaa nyuma kama wanaogopa kumwamsha?"

Fundi akacheka, akaendelea na waya zake. Sijasoma uchambuzi wowote wa albamu ile uliofika pale pale kwa maneno machache namna hiyo. Kijana aliyekuwa anasubiri simu yake, kwa upande wake, aliipenda. Alidhani ni muziki wa mapenzi wa Kimarekani wa miaka ile, akaniomba nimrushie. Nikamrushia. Kama hujawahi kumsikia Tate wa 1988, hakuna kitakachokuudhi humo. Itakayokuudhi ni kumbukumbu.

Haki yake nimpe: alikuwa na ujasiri wa kutokutoa nakala ya bendi yake. Albamu binafsi ambayo ni bendi ile ile yenye wapigaji wa bei nafuu ni dhambi kubwa kuliko ya kujaribu kitu kingine. Lakini kujaribu peke yake hakumlipi msikilizaji aliyetumia megabaiti zake. Alirudi tena na albamu binafsi ya pili, *Kings & Thieves*, 2012, mwaka ule ule Queensrÿche walipomtimua; hiyo ina gitaa zaidi na hasira zaidi, ila nyimbo za kukaa kichwani bado ni haba. Kesi ya jina la bendi ikaishia kwa makubaliano 2014, wenzake wakabaki na jina, yeye akabaki na haki ya kupiga zile albamu mbili za *Operation: Mindcrime* mwanzo hadi mwisho jukwaani. Ukitafakari, hata mwanasheria alijua thamani yake ilikuwa wapi.

LaBrie na watu wake wa pili

James LaBrie ni Mkanada aliyeingia Dream Theater mwaka 1991, na 1992 ikatoka *Images and Words*, iliyowafungulia milango. Desemba 1994, akiwa mapumzikoni Cuba, chakula kikamdhuru, akatapika vibaya hadi akaumia nyuzi za sauti. Aliendelea na ziara mapema 1995 badala ya kupumzika. Mwenyewe amesema ilimchukua miaka mingi kujisikia kawaida tena. Ndiyo maana ukisikiliza Dream Theater za baadaye, hasa jukwaani, kuna mahali unamsikia anakwea mlima ambao zamani alikuwa anaukimbia. Nyimbo zile ziliandikwa na watu wanaoikumbuka sauti ya 1992.

Sasa chukua *Static Impulse*. Nyimbo zimeandikwa kwa ajili ya sauti aliyonayo mwaka 2010. Anaimba katikati ya uwezo wake, mahali ambapo sauti yake ni nene na tamu, na ile kazi ya ukali haikupewa yeye. Imepewa mpiga dramu, Msweden Peter Wildoer wa bendi ya Darkane, ambaye anapiga na kunguruma. Wimbo wa kwanza unafunguka kwa mngurumo huo, na wengi huzima hapo hapo wakidhani wameshusha faili lisilo lake. Vumilia hadi kiitikio. LaBrie anaingia, wimbo unapanuka, na unaelewa mpango: mmoja anabomoa, mwingine anaezeka.

Mtu wa pili hapa ni Matt Guillory, mpiga kinanda, ambaye wametunga naye tangu *Keep It to Yourself* ya 1999, ile aliyoitoa kwa jina la MullMuzzler. Guillory ameipenda ile metali ya Uswidi yenye gitaa kali na sauti tamu juu yake, na hakuificha. Gitaa ni la Marco Sfogli, Mwitaliano, na uchanganyaji wa sauti ulifanywa na Jens Bogren, Msweden mwingine. Nyimbo nyingi zinakwisha kwenye dakika nne hivi. Kwa mtu anayetoka kwenye bendi yenye wimbo kama "A Change of Seasons" wa 1995, unaozidi dakika 23, hilo peke yake ni tamko.

Yule mzee wa ridhimu nilimchezea na hii pia. Mngurumo ulipoanza akauliza, "Huyu naye anagombana na nani?" Lakini gitaa la Sfogli lilipoingia kwenye solo akainua mkono, akataka nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akataka tena. Wimbo wenyewe hakuupenda hata kidogo. Alichokuwa anakifuata ni vidole vya yule bwana. Kwa Tate hakuna mahali popote alipotaka kurudia.

Kuna na habari moja ambayo mashabiki wa Dream Theater wataipenda. Albamu hii ilitoka mwishoni mwa Septemba 2010, mwezi ule ule Portnoy alipotangaza kuondoka Dream Theater. Bendi ikaita wapiga dramu saba kuwajaribu. Wildoer alikuwa mmojawapo. Aliyechukua nafasi ni Mike Mangini, ambaye naye alikuwa amempigia LaBrie dramu kwenye albamu zake binafsi za mwanzo, hadi *Elements of Persuasion* ya 2005. Kwa hiyo wale wanaosema kazi binafsi za LaBrie ni za kupoteza muda wakumbuke kwamba wawili kati ya wale saba walikuwa wameshampigia yeye kwanza. (Portnoy alirudi 2023, hayo ni mengine.)

Kasoro zipo. Sauti imebanwa, kila kitu kiko juu kwa wakati mmoja, na baada ya nusu saa masikio yanachoka. Nyimbo za katikati zinafanana. Ukiitafuta hesabu ngumu ya Dream Theater, yale mapigo yanayokuvunja shingo, humo hamna mengi. Mwenye kutaka hayo asije huku.

Ray Alder

Hii sitaikalia muda mrefu, si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu inajieleza. Alder aliingia Fates Warning baada ya mwimbaji John Arch, akasikika kwanza kwenye *No Exit* ya 1988, na sauti yake imeshuka taratibu kwa miaka hadi ikawa ya mtu mzima anayeongea nawe uso kwa uso. Kwa *What the Water Wants* alimchukua Mike Abdow, mpiga gitaa ambaye alikuwa ameshazunguka na Fates Warning kwenye ziara, pamoja na Tony Hernando wa Hispania. Kwa maneno mengine, mtu wake wa pili anajua nyumba aliyotoka.

Inasikika. Ni albamu iliyo karibu kuliko zote nne na bendi ya mwenyewe: gitaa zito lisilo na fujo, mwendo wa kati, huzuni iliyopangwa vizuri, viitikio vinavyokua kila ukivirudia. Mpenzi wa *Parallels* ya 1991 atajisikia nyumbani. Tatizo lake ni usalama. Hakuna wimbo unaokufanya usimame, hakuna mahali Alder anapojiweka kwenye hatari. Tate alijihatarisha akaanguka. Alder hakujihatarisha akafika. Kwa bando langu, nachukua aliyefika. Kama unasikiliza usiku dirisha likiwa wazi na boti za dagaa zimewasha taa huko ziwani, hii ndiyo yenyewe, na sisemi hivyo kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye jina lake. Alitoa ya pili mwaka 2023, aliyoiita *II* tu. Ukiipenda ya kwanza, hiyo haitakuangusha.

Laini dhidi ya laini

Sasa ile ya nne, ambayo ndiyo inayommaliza Tate kwenye ulinganisho huu. *Beautiful Shade of Grey* ina magitaa yasiyo ya umeme kwa sehemu kubwa, haina mngurumo, haina kukimbizana. LaBrie aliitunga na Paul Logue, mpiga besi wa bendi ya Eden's Curse, wakitumiana mafaili wakati wa korona, kila mtu akiwa kwake. Dramu zimepigwa na mwanawe LaBrie, Chance. Sfogli yumo tena, safari hii kwa utulivu.

Mashabiki wengi wa metali waliiona kuwa ya kukatisha tamaa, na kama ulitaka metali, ni kweli, humo haimo. Lakini iweke sambamba na ile ya 2002. Wote wawili walitaka kuimba bila kupigania nafasi na gitaa la umeme. Tate aliliacha gitaa pale pale akalifunga mdomo, ndiyo maana unabaki kulingojea lianze. LaBrie aliliondoa kwa sehemu kubwa akaleta gitaa la aina nyingine lenye kazi ya kufanya, linalobeba wimbo tangu mwanzo. Humo humsubiri mtu yeyote. Logue ni mtunzi anayejua kiitikio ni kitu gani, na LaBrie akiwa na karibu miaka sitini anaimba bila kukwea mlima wowote. Mwishoni kuna "Ramble On" ya Led Zeppelin, ambayo ingeweza kuwa aibu na haikuwa, halafu wimbo wa kwanza, "Devil in Drag", unarudi ukiwa na gitaa la umeme. Sikiliza matoleo yote mawili mfululizo ndipo utaelewa kwamba wimbo uliotungwa vizuri haujali umevaa nini. Nyimbo za Tate za 2002 ukizivua kile kinanda, sijui kitabaki nini.

Kwa mtu wa kwaya, na Kigoma kwaya ndiyo shule yetu ya muziki, hii ndiyo ningempa kwanza. Sauti zimepangwa juu ya sauti kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa kwaya ataitambua, na mama yako hatakuuliza unasikiliza mashetani gani.

Habari ya megabaiti, sabufa na treni

Kuna mambo ambayo wachambuzi wa Ulaya hawayaandiki. Faili la MP3 la ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde linakula kama megabaiti 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 50 ni kama megabaiti 120. La ubora wa 128 ni chini ya nusu ya hapo, kama 48. Kwa *Beautiful Shade of Grey* na hata *What the Water Wants*, ubora wa chini unavumilika kwenye simu ya kawaida. Kwa *Static Impulse* usifanye hivyo. Matoazi ya Wildoer yanapokatwa yanageuka mchakacho mmoja usiokoma, na utaichukia albamu kwa kosa ambalo si lake. Kama bando ni dogo, shusha nusu ya nyimbo kwa ubora mzuri kuliko zote kwa ubora mbovu.

Sabufa zetu nazo zina tabia yake. Zimetengenezwa kwa ajili ya bongo fleva na singeli, chini pamevimba, katikati pamezama. Katikati ndipo gitaa na sauti ya mwimbaji vinapokaa. Punguza besi kabla ya kuhukumu albamu yoyote kati ya hizi nne. Ya Tate peke yake ndiyo inayofaidika na besi iliyovimba, maana inaficha utupu.

Kwa wasafiri wa treni kutoka hapa kwenda Tabora: shusha kabla ya kufika stesheni, kwa sababu ukishapita Uvinza mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Na usibebe albamu laini ukitegemea kuisikia. Behewa linapiga kelele zake, abiria wanapiga soga, wauza karanga wanapita, na vile vipande vya chini vya *Beautiful Shade of Grey* vinamezwa vyote. *Static Impulse*, kwa kuwa imebanwa na iko juu muda wote, inapenya. Ile kasoro niliyoitaja nyumbani inageuka kuwa sifa ukiwa behewani. Hiyo ya kijivu isubiri ufike, ulale kidogo, ndipo uifungue.

Kama huna uhakika, usishushe chochote kwanza. Tazama video rasmi ya wimbo mmoja kwa kila mwimbaji kwenye YouTube, kwa picha ya kiwango cha chini kabisa, uone kiitikio kimekukaa au hakijakukaa asubuhi yake. Vibanda vya kurushia nyimbo visikusumbue kwa jambo hili. Ukimtajia kijana jina la Fates Warning atakurushia injili.

Wapo na wengine ambao mtu angeweza kuwaingiza. Russell Allen wa Symphony X alitoa *Atomic Soul* mwaka 2005, roki ya wazi, ngumu, ya kufurahisha, isiyojifanya ya progresivu. Kwa mwenye pikipiki na hedifoni (asivae akiwa anaendesha) inatosha kabisa. Ross Jennings wa Haken alitoa *A Shadow of My Future Self* 2021, ndefu mno, nzuri kwa vipande.

Na wewe ambaye kwako ni Tate au basi, ambaye umesoma yote haya ukiwa umekunja uso: sikukatazi. Ila badala ya ile ya 2002, chukua *Promised Land* ya Queensrÿche ya 1994. Ina utulivu ule ule aliokuja kuutafuta miaka minane baadaye, anapiga hadi saksafoni mwenyewe, na DeGarmo bado yumo kwenye gitaa.